Sura ya Tisa: Watu Arobaini na Watatu, Simu Moja

Karatasi ilikuwa imechapwa vizuri, na mahali pa sahihi palipigiwa mstari mara mbili ili hata mtu mwenye machozi asikosee pa kusaini. Najiat Sadala hakuwa na machozi. Aliisoma yote, akaigeuza kifudifudi mezani, akairudisha kalamu kwa mwenyewe.

"Sisaini," alisema.

Mrakibu Kornel, mkuu wa kitengo cha makosa ya fedha, alivuta pumzi. Saa moja asubuhi bado haikuwa imetimia na tayari alishamwagiwa maji baridi.

"Binti, hii karatasi ni ya kukusaidia. Unakiri kwamba ulikusanya kodi ya ongezeko la thamani kwa wateja wako, milioni sitini na moja, na hukuipeleka. Unapangiwa kulipa kidogo kidogo. Unarudi kwenu Ipuli. Usiposaini mpaka saa tisa alasiri ya leo, jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka kama utakatishaji fedha, na hilo kosa halina dhamana. Unanielewa?"

"Nimekuelewa tangu jana, afande. Nitalala mahabusu."

"Pengine miaka."

"Basi miaka. Wazee wangu walibeba mizigo ya watu kutoka hapa mpaka pwani na kurudi, wakalipwa vipande vya nguo, na hakuna tajiri aliyefungua mzigo akakuta pungufu. Leo mimi nisaini kuwa mwizi kwa sababu siku ni fupi? Hapana. Nipelekeni."

Aliyesimama dirishani na jalada mkononi alikuwa Inspekta Advera. Huu ulikuwa mwaka wake wa sita Tabora, na katika miaka hiyo alikwisha kuona wezi wa kila namna: wanaolia, wanaozimia, wanaomtaja Mungu kila baada ya sentensi. Mwizi anayekataa mlango uliofunguliwa alikuwa hajamwona bado. Hilo halikuwa ushahidi, na Advera hakulihesabu kama ushahidi, lakini lilimkaa.

Biashara ya Najiat iliitwa Nielekeze, na mtu yeyote mwenye simu angeweza kuielewa. Mfugaji nyuki wa Kwihara anaweka asali yake kwenye mtandao wa Nielekeze. Mtu mwingine, mwenye namba yake ya mwaliko, anamwambia ndugu yake wa Mwanza au Dar: ukinunua, weka namba yangu. Mnunuzi analipa kwa simu, na mtambo unaigawa hela palepale. Fungu la kwanza ni la muuzaji, la pili ni kamisheni ya aliyeelekeza, la tatu ni ada ya Nielekeze. Fungu la nne, asilimia kumi na nane, ni kodi, na hilo lilikuwa likienda kwenye laini ya simu iliyoandikwa kwenye mtambo "KODI". Kwa miezi kumi na minne laini ile ilipokea na kupokea. Serikalini, kila mwezi, ritani ya Nielekeze, ile taarifa ya kodi ya mwezi, ilifika imeandikwa kwamba hakukuwa na mauzo.

Laini yenyewe ilikuwa imesajiliwa kwa jina la Eliya Mahona, mzee wa Isikizya mwenye mbuzi tisa, ambaye hajawahi kununua kitu mtandaoni maishani mwake. Advera alishamhoji. Mzee alikumbuka tu kwamba mwaka juzi kijana mmoja wa kusajili laini pale gulioni alimwambia kidole kimegoma, aweke tena. Akaweka tena. Laini moja akaondoka nayo mzee, ya pili ikabaki kwa kijana, na kijana hajulikani alikokwenda. Laini ilizimwa mwezi Mei. Hela ilikuwa ikitolewa kidogo kidogo kwa mawakala wa mjini, na mawakala wakiulizwa wanasema wateja ni wengi.

"Afande, kuna kitu hakijakaa sawa," Advera alisema baada ya Najiat kurudishwa kwenye benchi la korido. "Nimesoma ujumbe wake wote kwa mshauri wake wa kodi. Kila mwezi analalamika. Anasema kodi inamfukuzia wateja, anauliza kama kuna namna ya kisheria ya kuipunguza. Mtu anayekula kodi haombi ipunguzwe. Angeomba iongezwe."

"Ujumbe unaweza kutungwa."

"Kwa miezi kumi na minne?"

"Advera." Kornel alifungua jalada kwenye ukurasa aliouwekea alama. "Watu arobaini na watatu. Wote wana namba za mwaliko, wote wanalipwa kamisheni, na kamisheni zote zinaingia kwenye simu moja. Ya Godeliva fulani, Ulyankulu. Watu arobaini na watatu, simu moja. Hao ni watu au ni hewa?"

"Bado hatujawaona."

"Na hii je?" Alidonoa karatasi ya kampuni ya simu. "Tarehe kumi na nne Machi, saa mbili na dakika kumi na mbili usiku. Laini ya kodi inamtumia huyohuyo Godeliva shilingi elfu hamsini. Dakika nane baadaye Godeliva anaipigia laini ya kodi, wanaongea dakika moja na sekunde arobaini. Ndiyo mara pekee laini ile imepokea simu ya binadamu. Mwizi anamlipa mwenzake, mwenzake anapiga kushukuru. Unataka nikuchoree picha?"

Hoja ilikuwa nzuri, Advera alikiri moyoni. Ilikuwa nzuri kupita kiasi, kama nguo ya kuazima iliyokukaa vizuri mno.

"Ulyankulu nakwenda na kurudi kabla ya saa tisa," alisema.

"Gari halina mafuta."

"Pikipiki inayo."

"Saa tisa, Advera. Si saa tisa na dakika moja."

Koridoni alikutana na mtu aliyevaa tai asubuhi hiyo ya vumbi, mkoba kwapani. Alikuwa Wenceslaus Kapaya, mshauri wa kodi, shahidi namba moja wa upande wa serikali. Ndiye aliyeusimika mtambo wa malipo wa Nielekeze, na ndiye aliyeleta kwa hiari yake orodha ya wale arobaini na watatu. Alisema laini ya kodi aliletewa na Najiat, na neno la siri la ritani alimkabidhi Najiat. Alimpita Najiat pale kwenye benchi bila kumtazama. Najiat yeye alimtazama mpaka akaishia mlangoni.

"Inspekta, safari?" Wenceslaus aliuliza.

"Ulyankulu."

"Aa." Alirekebisha tai. "Utapata vumbi tu. Hao watu ni majina matupu."

*

Godeliva alikuwa ameketi uani akichambua maharage kwenye ungo. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, kitenge kimefungwa vizuri kiunoni, miwani yenye mguu mmoja uliofungwa uzi. Advera aliegesha pikipiki, akavua kofia ya chuma, akapangusa vumbi usoni kwa kiganja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka mbali."

"Tabora. Mimi ni Inspekta Advera, wa polisi."

Godeliva alimtazama juu mpaka chini. "Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kukuuliza."

"Kama ni kunikamata useme sasa hivi, nifunike maharage, kuku wasiyamalize."

Advera alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, maana alijua kwamba polisi akisimama mbele ya mtu mzima, mazungumzo yanakufa kabla hayajazaliwa. Alitoa orodha.

"Mama, hapa kuna majina arobaini na matatu. Kamisheni zao zote zinaingia kwenye simu yako. Ofisini wanasema hawa watu hawapo."

"Nani kasema?"

"Imesemwa."

Godeliva aliweka ungo chini. Hakupandisha sauti, lakini kila neno alilipa nafasi yake. "Sisi tulizaliwa hapa, wengine tuliletwa mgongoni kutoka Burundi. Tumelima tumbaku hapa, tumezika hapa, tukaapishwa uraia hapa. Kila miaka kadhaa anakuja mtu na karatasi kutuambia hatupo. Ngoja nikuitie watu wasiokuwepo."

Alimtuma jirani. Haikupita nusu saa ua ukajaa, wanawake wengi kuliko wanaume, baadhi na majembe mabegani, wakinong'ona Kirundi na kumtazama mgeni kwa macho makavu. Hii ilikuwa jumuiya yao ndogo ya Kikatoliki, ileile inayosali nyumba kwa nyumba kila wiki. Godeliva ndiye mtunza hazina.

"Mbona simu moja?" Advera aliuliza.

Mwanamume mmoja mrefu, Jonasi, alinyoosha mikono yote miwili mbele ya uso wake. Ncha za vidole zilikuwa laini na nyeusi, zinang'aa kama mpini wa jembe la zamani.

"Soma," alisema. "Miaka thelathini ya kufunga majani ya tumbaku. Nimekwenda kusajili laini mara nne. Mashine inasema sina kidole. Nikawauliza, sasa hivi ninavyokuonyesha ni nini? Wakasema mashine ndiyo inayojua."

Watu walicheka, ila si cheko la furaha. Vidole vilinyooshwa kumi, ishirini, thelathini. Advera aliviangalia kimoja kimoja kwa sababu ndiyo kazi yake, na pia kwa sababu aliona aibu kutoviangalia.

"Mama Godeliva yeye kidole chake kinasoma," Jonasi aliendelea. "Alikuwa mpishi wa parokia, hakushika tumbaku. Basi hela zote zinaingia kwake, na baada ya sala ya Alhamisi anamgawia kila mtu chake."

Lakini maneno ni maneno. Advera alichagua namba tatu za mwaliko bila mpangilio, akawataka wenyewe wasogee mmoja mmoja, wengine wakae mbali. Mwenye namba kumi na saba alikuwa bibi mwenye mtoto mgongoni. Akasema aliuza kwa binti yake wa Mwanza, ndoo mbili za asali, mwezi wa Februari. Mwenye namba thelathini aliuza karanga gunia moja kwa shemeji yake wa Kigoma. Jonasi, namba nne, aliuza asali mara sita, zote kwa padri mmoja wa Dodoma anayependa asali kuliko inavyompasa. Advera alilinganisha na karatasi za mtambo. Ndoo mbili, Februari, Mwanza. Gunia moja, Kigoma. Mara sita, Dodoma. Vyote vilikuwa vilevile mpaka tarehe.

Hewa haiuzi karanga kwa shemeji. Nusu ya hoja ya Kornel ilikuwa imeanguka, na Advera hakuwa hata amekunywa maji. Aliomba maji, akapewa, akanywa, kisha akaigeukia ile nusu iliyobaki, ambayo ndiyo yenye meno.

"Mama, tarehe kumi na nne Machi uliingiziwa elfu hamsini. Usiku, saa mbili na dakika kumi na mbili. Ni kamisheni ya nani?"

Godeliva hakufikiri hata kidogo. "Si kamisheni. Ni rambirambi. Mzee Viktori wa jumuiya yetu alikufa tarehe kumi na tatu, tukamzika kumi na tano."

"Una uhakika gani?"

"Subiri."

Alirudi na daftari gumu lenye jalada la bluu, limefungwa kwenye kanga. Advera alinyoosha mkono. Godeliva hakumpa.

"Hili ni la jumuiya. Nitakusomea, utaangalia ukiwa hapo ulipo."

"Sawa, mama. Nisomee."

Alilowesha kidole, akafunua. Kila msiba ulikuwa na kurasa zake. Juu jina la marehemu, chini yake mistari ya waliotoa: jina, uhusiano na marehemu, kiasi, na neno moja, mkono au simu. Kwenye za simu aliandika pia tarakimu tatu za mwisho za namba iliyotuma, kwa sababu, alisema, watu wakishatoa hukumbuka zaidi ya walichotoa.

"Viktori Nizigiyimana," alisoma. "Mstari wa kwanza. Elfu hamsini. Simu. Sita moja tisa."

Advera hakuhitaji kuangalia karatasi yake. Laini ya kodi ilikuwa inaishia na sita moja tisa, alikuwa ameiota siku kumi mfululizo. Aliangalia hata hivyo.

"Na jina?"

"Ndipo penye kisa. Ujumbe uliingia umeandikwa Eliya Mahona. Nikauliza hapa uani, nani anamjua Eliya Mahona? Hakuna. Ndugu wa marehemu hawamjui. Sasa mimi siwezi kuandika hela isiyo na mtu. Rambirambi zinasomwa baada ya kuzika, mbele ya watu wote, jina kwa jina. Nikisoma Eliya Mahona asimame nani? Nikaipigia ile namba."

"Dakika nane baadaye."

"Sikuhesabu dakika. Akapokea mwanamume. Nikamwambia, samahani, wewe Eliya, unamhusu vipi marehemu, nikuandike wapi? Akasema, mimi si Eliya, mama, hii laini ni ya kazi. Niandike kwa jina langu, maana mimi ni mkwe, na watu wa kule wananisema sionekani misibani. Niandike juu."

"Ukamwandika juu."

"Mkwe anaandikwa juu. Ndiyo taratibu yetu."

Aligeuza daftari, na Advera akasoma mwenyewe kutoka pale alipokaa, kwa mwandiko mnene wa mpishi wa parokia: *Wenceslaus Kapaya, mkwe.*

Advera alizipanga hoja kichwani. Mtu amejificha miezi kumi na minne nyuma ya kidole cha mzee wa Isikizya. Hakupiga simu, hakupokea simu, hela katoa kwa vijisehemu kama panya anayetoboa gunia. Kisha baba wa mkewe anakufa, laini yake mwenyewe haina kitu, ya wizi imejaa, naye anatuma haraka haraka asije akaitwa mkwe bahili. Hapo angeweza kunusurika. Lakini akaulizwa aandikwe nani. Kumwacha Eliya asimame mahali pa mkwe hakuweza.

"Siku ya maziko alikuwepo?"

"Alikuwepo. Nilipolisoma jina lake alisimama, akainua mkono. Na tai yake."

Jonasi na wengine waliitikia kwa vichwa. Watu mia mbili walimwona.

"Mama, nahitaji hili daftari Tabora kabla ya saa tisa. Kuna binti atafungwa kwa kosa la huyu mkwe wenu."

"Daftari haliondoki bila mimi."

"Kuna pikipiki tu."

Godeliva alikuwa tayari anajifunga kanga kichwani. "Maharage mtamalizia nyie," aliwaambia jirani zake.

*

Saa nane na dakika ishirini Advera aliingia ofisini kwa Kornel akiwa mwekundu wa vumbi kuanzia nyusi mpaka viatu. Godeliva alibaki chumba cha pili na kikombe cha chai.

"Watu wapo," Advera alisema. "Wote arobaini na watatu. Nimeshika vidole vyao. Naomba dakika kumi na shahidi wako."

"Kwa lipi?"

"Kwa maswali saba. Usiponipa, afande, nitaandika kwenye jalada kwamba niliomba na nikanyimwa, na nitasaini."

Kornel hakuzoea kuambiwa hivyo na mtu wa chini yake. Lakini jalada ni jalada, na kilichoandikwa humo kinasomwa na wakubwa. Akamwita Wenceslaus.

"Na Najiat aingie," Advera alisema. "Alitukanwa akiwepo, na asikie akiwepo."

Waliketi. Najiat alikaa upande wa ukutani, mikono imekunjwa, kidevu juu. Wenceslaus aliweka mkoba magotini.

"Mke wako ni mtu wa wapi?" Advera alianza.

"Ulyankulu. Kuna ubaya?"

"Hata kidogo. Machi ulifiwa?"

"Baba mkwe. Mzee Viktori. Mungu amrehemu."

"Ulihudhuria?"

"Nilizika mwenyewe, kwa mikono hii."

"Ulitoa rambirambi?"

Wenceslaus alitabasamu kwa kuonewa. "Inspekta, mimi ndiye mkwe mkubwa pale. Nilitoa elfu hamsini. Waulize."

"Kwa mkono au kwa simu?"

Hilo lilikuwa swali la tano, na ndilo pekee lililokuwa na uzito. Wenceslaus aliuhamisha mkoba kutoka goti moja hadi jingine. Kichwani mwake, Advera alijua, yule mtu alikuwa anarudi nyuma kwa miguu yote, mpaka usiku wa tarehe kumi na nne, mpaka ile simu, mpaka ile sauti ya mwanamke iliyouliza nikuandike wapi.

"Kwa mkono," alisema.

"Ulimpa nani?"

"Yule mama anayeshika daftari. Jina limenitoka."

Advera alifungua mlango wa pili. Godeliva aliingia na daftari kifuani, akawasalimia wote, akaitikia shikamoo ya Najiat, kisha akamtazama Wenceslaus.

"Hukunipa kitu mkononi, mkwe."

"Mama, utakuwa umesahau. Ule msiba ulikuwa na watu wengi."

"Nimeandika simu. Sita moja tisa. Nilikupigia tukaongea, ukanikataza nisiandike Eliya."

Kornel alivuta karatasi ya kampuni ya simu, akaikodolea macho. Dakika nane. Dakika moja na sekunde arobaini. Alikuwa ameisoma karatasi ile mara ishirini akiona mwizi anamlipa mwizi. Masikio yalimwiva.

"Daftari la kijijini," Wenceslaus alisema. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. "Mtu yeyote anaweza kuandika jina la mtu yeyote. Sikutuma hela kwa laini hiyo. Siijui hiyo laini."

"Kwa hiyo rambirambi hii siyo yako," Godeliva alisema.

"Siyo yangu."

"Sawa." Godeliva alikaa bila haraka, akafunua ukurasa, akamgeukia Kornel. "Baba, naomba kalamu."

Kornel alimpa.

"Kama si yako, basi hukutoa kitu," alisema, na kalamu ikatua juu ya mstari wa kwanza. "Mkono hukunipa, simu unaikana. Naifuta. Alhamisi, baada ya sala, nitasoma ukurasa wa Viktori upya, maana kukiwa na kosa lazima lisomwe, na nitasema mkwe amekwenda polisi mwenyewe akakana kwamba aliwahi kumzika baba mkwe wake hata kwa senti. Mkeo atakuwepo. Mama mkwe wako anakaa mstari wa mbele siku zote. Nifute?"

Najiat alikuwa ameinamia mbele.

"Nifute?"

Wenceslaus aliitazama ile kalamu kama mtu anayetazama kisu. Angeweza kusema futa. Wakili yeyote angemwambia aseme futa, aende nyumbani, apambane mahakamani. Alishika fundo la tai, akalilegeza, akalilegeza tena mpaka tai ikaning'inia.

"Usilifute, mama," alisema.

"Kwa hiyo ulituma."

"Nilituma."

"Kwa laini gani?" Advera aliuliza, kalamu yake tayari juu ya karatasi. Ndilo lilikuwa swali la saba.

"Hiyohiyo. Sita moja tisa." Aliuweka mkoba sakafuni. "Laini yangu haikuwa na kitu usiku ule. Nilidhani elfu hamsini haitaonekana."

Advera aliandika neno kwa neno, akamsomea, akamgeuzia asaini. Askari aliitwa kutoka koridoni. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na dakika hamsini na moja, na Kornel, ambaye hakuwa mtu mbaya ila mwenye haraka, alisimama na kumwambia Najiat kwamba anaweza kwenda nyumbani.

"Siendi," Najiat alisema.

"Binti, umeachiwa."

"Nimesikia. Jana mliniita mwizi mbele ya mama yangu na majirani wa Ipuli nzima. Andika kwamba si mimi. Uweke muhuri. Nitabandika mlangoni kwangu, na kwenye mtandao wa Nielekeze wafugaji nyuki wote wasome. Nitasubiri hapahapa."

Kornel alimtazama Advera. Advera alikuwa anaangalia dirishani, na hakuwa na haraka ya kugeuka. Mkuu alikaa akaanza kuandika.

Godeliva alikuwa bado hajafunga daftari.

"Inspekta," alisema, "ile hela ya kwenye hiyo laini ilikuwa ya nani?"

"Kodi, mama. Wanunuzi walilipa ili iende serikalini."

"Hata wale wa namba zetu?"

"Hata wale."

Hasira ilimpanda mwanamke yule waziwazi, ikamkaza taya. "Kwa hiyo Viktori tumemzika kwa hela ya wizi. Sanduku, sukari, wali wa watu, vyote vilianza na ule mstari wa kwanza. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote bila kuchukua hata jani la tumbaku la jirani."

"Hamkujua, mama," Najiat alisema taratibu. "Rambirambi hairudishwi. Acheni tu."

"Wewe si yako uisamehe. Na serikali hainijui inisamehe. Alhamisi tutachanga upya, mia tano mia tano, elfu moja elfu moja, itimie elfu hamsini. Baba," alimwambia Kornel, "inalipwa wapi?"

"Benki, mama. Kwa namba ya malipo. Lakini kwa kweli si lazima..."

"Niandikie hiyo namba. Nikishalipa nataka risiti, na isiandikwe jina langu wala la jumuiya. Iandikwe Viktori Nizigiyimana, marehemu, wa Ulyankulu, hadaiwi."

Kornel alichukua karatasi nyingine, akamwomba amtajie jina hilo herufi kwa herufi.